Uimarishaji wa Chesisi katika Ukarabati wa Pikapu za Zamani: Mfano wa Wilaya za Karagwe na Kyerwa, Mkoani Kagera

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna chesisi ya pikapu ya zamani inavyopaswa kuchunguzwa, kurekebishwa na kuimarishwa gari linapokarabatiwa, kwa kuzingatia mazingira ya wilaya za Karagwe na Kyerwa. Hoja kuu ni kwamba kuimarisha chesisi si kuongeza chuma, bali ni kupanga upya njia ambazo nguvu za mzigo na za barabara hupitia. Chuma kilichoongezwa pasipo kuzingatia jambo hilo huhamisha udhaifu kutoka mahali unapoonekana na kuupeleka mahali usipotarajiwa. Makala yanaeleza aina za chesisi, sababu za kuchakaa kwake, tofauti kati ya kupinda na kusokoteka, hatua za kazi, makosa yanayopaswa kuepukwa, na uhusiano uliopo kati ya chesisi na utambulisho wa gari kisheria.

1.0 Utangulizi

Wilaya za Karagwe na Kyerwa ziko magharibi mwa Mkoa wa Kagera, zikipakana na Rwanda na Uganda. Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe hadi mwaka 2012 ilipofanywa wilaya inayojitegemea. Ni nchi ya vilima na mabonde, yenye misimu miwili ya mvua, ambayo wakazi wake hutegemea zaidi kilimo cha kahawa, ndizi na maharage. Barabara ya lami kutoka Kyaka hufika Bugene. Nje ya njia kuu, usafiri mwingi hupita katika barabara za udongo na changarawe zinazopanda na kushuka kati ya miji midogo kama Kayanga, Omurushaka, Nkwenda, Kaisho na Murongo na vijiji vinavyoizunguka.

Katika mazingira ya namna hii pikapu ni chombo cha uzalishaji. Hubeba magunia ya kahawa, mikungu ya ndizi, saruji, mabati na, mara nyingi, watu. Magari ya zamani, hususani Land Rover, Toyota Land Cruiser, Datsun na Peugeot, yalijengwa kwa vyuma na mifumo ambayo fundi anaweza kuifungua na kuielewa bila kompyuta. Hiyo ni sababu moja inayomfanya mmiliki aone ni afadhali kulifufua gari la zamani kuliko kununua jingine. Hata hivyo, injini, giaboksi na ekseli zinaweza kubadilishwa kimoja baada ya kingine, ilhali chesisi ndiyo inayobeba vyote. Gari lenye injini mpya juu ya chesisi iliyooza ni hatari zaidi kuliko gari bovu lililoegeshwa, kwa kuwa injini hiyo humpa dereva imani ya kubeba mzigo ambao mifupa ya gari haiwezi kuuhimili.

Ufundi wa chuma si jambo geni katika eneo hili. Historia ya ufalme wa Karagwe inamhusisha Mfalme Ndagara na kazi ya uhunzi, na wasafiri wa Kizungu waliofika katika ikulu ya mwanawe, Rumanyika, akiwamo Speke mwaka 1861 na Stanley mwaka 1876, walikuta utawala ambao vitu vya chuma vilikuwa miongoni mwa alama zake. Mhunzi wa zamani alijua kwamba chuma hubadilika tabia kinapopashwa moto na kupozwa. Elimu hiyohiyo ndiyo msingi wa kazi inayojadiliwa katika makala haya.

2.0 Chesisi na Aina Zake

Chesisi ya pikapu nyingi za zamani ina umbo la ngazi. Ina mihimili miwili mirefu inayotoka mbele hadi nyuma, na mihimili mifupi inayokingama kuiunganisha. Kebini, bodi ya mizigo, injini na springi hufungwa juu yake au pembeni mwake. Tofauti kubwa kati ya gari moja na jingine iko katika umbo la mihimili hiyo mirefu.

Aina ya kwanza ni mhimili wa mfereji, yaani bamba lililokunjwa pande mbili likabaki wazi upande mmoja, mfano wa herufi C. Mihimili hii kwa kawaida huunganishwa na ile ya kukingama kwa ribiti. Chesisi ya namna hii hulegea kidogo inaposokotwa na kisha kurudi mahali pake. Kulegea huko si kasoro; ni sehemu ya usanifu wake.

Aina ya pili ni mhimili wa kisanduku, uliofungwa pande zote nne. Land Rover za mfululizo wa kwanza, zilizoanza kuuzwa mwaka 1948, na zile zilizofuata hadi mwaka 1985, zina chesisi ya namna hii, iliyoundwa kwa kuchomelea pamoja mabamba yenye unene wa takribani milimita 2. Mhimili wa kisanduku ni mgumu kusokoteka, lakini una adui mmoja: kile kinachoingia ndani hakitoki kwa urahisi. Matope, vumbi na maji hujikusanya ndani, na kutu huanza upande ambao jicho halifiki.

Land Rover ina mtego mwingine. Sehemu kubwa ya bodi yake ni ya aloi ya alumini, isiyopata kutu kama chuma. Gari linaweza kuonekana zima kwa nje huku chesisi yake ikiwa imebaki kama karatasi. Vilevile, mahali alumini inapogusana na chuma pakiwa na unyevu, alumini huliwa. Kwa hiyo uzuri wa bodi hauwezi kuchukuliwa kuwa ushahidi wa uzima wa chesisi.

3.0 Sababu za Kuchakaa

Chesisi huharibika kwa njia tatu ambazo hazina budi kutofautishwa, kwa kuwa kila moja ina tiba yake.

Njia ya kwanza ni kutu, inayopunguza unene wa chuma. Hushambulia zaidi sehemu za chini, maungio, ndani ya visanduku, na chini ya mabano ya springi ambako udongo hukaa muda mrefu.

Njia ya pili ni uchovu wa chuma. Chuma kinachopindwa kidogo mara nyingi sana hupata ufa hata kama hakijawahi kubebeshwa mzigo uliozidi uwezo wake kwa siku moja. Ufa huanza mahali nguvu zinapokusanyika: kwenye kona kali, tundu lililotobolewa vibaya, mwisho wa mchomeleo, au mahali bano la springi linapoungana na mhimili. Barabara ya vumbi yenye mikunjo midogo mfululizo huzidisha uchovu kwa sababu mtikisiko hurudiwa mamia ya mara katika kila kilomita.

Njia ya tatu ni kupinda kwa tukio moja, kama vile ajali, kutumbukia katika mtaro au kupakia kupita kiasi. Hapa chuma chenyewe kinaweza kuwa na unene kamili, lakini umbo la ngazi limeharibika.

Mafundi wasipotofautisha njia hizi tatu, hutumia dawa moja kwa maradhi yote: kipande cha bamba juu ya mahali panapoonekana pabovu. Bamba lililochomelewa juu ya kutu halishiki chochote. Bamba lililowekwa juu ya ufa ambao haukuzibwa huuficha tu. Na bamba lililofungwa kwenye chesisi iliyopinda huugandisha upindaji huo milele.

4.0 Kupinda na Kusokoteka

Ili kuelewa mahali pa kuongeza chuma, ni lazima kuzitenganisha nguvu mbili zinazoikabili chesisi.

4.1 Kupinda

Mzigo ukiwa kati ya ekseli mbili, mihimili hutaka kulegea katikati. Upande wake wa chini huvutwa na upande wa juu hukandamizwa. Mzigo ukiwekwa nyuma ya ekseli ya nyuma, hali hugeuka: juu ya ekseli hiyo, upande wa juu wa mhimili ndio unaovutwa. Kwa kuwa nyufa hufunguka upande unaovutwa, mchunguzi anapaswa kutazama upande wa juu wa mhimili karibu na ekseli ya nyuma, mahali panapofunikwa na bodi ya mizigo.

Umbali una uzito wake. Kilo 500 zilizowekwa sentimita 80 nyuma ya ekseli hupinda chesisi sawa na kilo 1,000 zilizowekwa sentimita 40 nyuma yake. Mikungu ya ndizi inayorundikwa hadi kuning'inia nje ya mlango wa nyuma inaweza kuumiza chesisi kuliko magunia ya kahawa yenye uzito mkubwa zaidi yaliyopangwa nyuma ya kebini.

Uwezo wa bamba lililosimama wima kupinga kupinda hutegemea kimo kuliko unene. Likiongezwa unene maradufu, ugumu wake huongezeka mara 2. Likiongezwa kimo maradufu, ugumu huongezeka mara 8. Ndiyo maana bamba nene lililobandikwa ubavuni mwa mhimili husaidia kidogo kuliko uzito wake unavyoahidi.

4.2 Kusokoteka

Gurudumu la mbele kushoto likizama katika shimo wakati la nyuma kulia likipanda kifusi, chesisi husokotwa kama nguo inayokamuliwa. Hapa tofauti kati ya mfereji na kisanduku ni kubwa mno. Mfano wa kukokotoa unadhihirisha jambo hilo. Uchukuliwe mhimili wa mfereji wenye kimo cha milimita 120, mbawa za milimita 50 na unene wa milimita 3. Upande wake ulio wazi ukifungwa kwa bamba la unene huohuo lililoingizwa kati ya mbawa, ugumu wa mhimili dhidi ya kupinda huongezeka kwa takribani asilimia 27 tu. Lakini ugumu wake dhidi ya kusokoteka huongezeka zaidi ya mara 500.

Matokeo haya ndiyo kiini cha suala zima. Fundi anayefunga mfereji kuwa kisanduku kwa nia ya kuongeza uwezo wa kubeba hupata nyongeza ndogo katika jambo alilolikusudia na badiliko kubwa katika jambo ambalo hakulifikiria. Sehemu iliyofungwa haisokoteki tena. Msokoto wote ambao awali uligawanywa katika urefu wa chesisi hukusanyika mahali kisanduku kinapoishia. Hapo ndipo ufa mpya hujitokeza, aghalabu nyuma ya kebini au mbele ya bano la springi za nyuma. Mmiliki hudhani kwamba chuma alichouziwa kilikuwa kibovu, kumbe kilikuwa kizima kuliko jirani yake.

5.0 Hatua za Kazi

5.1 Uchunguzi na vipimo

Bodi ya mizigo haina budi kuondolewa. Chesisi huoshwa, hukwanguliwa na kugongwa kwa nyundo ndogo sehemu kwa sehemu. Chuma kizima hulia. Chuma kilicholiwa hutoa mlio mfu au hutoboka. Nyufa nyembamba huonekana vizuri zaidi baada ya kusugua kwa brashi ya waya, kwa kuwa mstari wa kutu nyekundu hujitokeza mahali maji yalipopenya.

Baada ya hapo umbo hupimwa. Gari huinuliwa na kusawazishwa juu ya vishikizo imara, kamwe si juu ya jeki peke yake. Timazi hushushwa kutoka kwenye pointi zinazolingana kushoto na kulia, na alama za chaki huwekwa sakafuni. Kisha hupimwa kamba za mshazari: kutoka kushoto mbele hadi kulia nyuma, na kutoka kulia mbele hadi kushoto nyuma. Vipimo vikitofautiana, mhimili mmoja umesukumwa mbele ya mwenzake, na unyooshaji lazima utangulie uimarishaji.

5.2 Maandalizi na usalama

Tangi la mafuta huondolewa na kupelekwa mbali, hata likiwa tupu. Mvuke wa petroli uliobaki ndani ya tangi tupu hulipuka kwa urahisi kuliko tangi lililojaa. Bomba za mafuta na za breki pamoja na nyaya zinazopita kwenye mhimili huondolewa, na betri na alteneta hutenganishwa ili mkondo wa mashine usiziunguze. Waya wa kurudisha umeme hufungwa karibu na mahali panapochomelewa, ili mkondo usipitie kwenye beringi. Mabamba yenye zinki hukwanguliwa zinki yake kwanza, kwa kuwa moshi wake humtia fundi homa.

Vishikizo huwekwa karibu na mahali springi zinapobeba chesisi. Chesisi inayochomelewa ikiwa imening'inia vibaya hupoa katika umbo hilohilo baya.

5.3 Urekebishaji wa nyufa na kutu

Mwisho wa ufa hutafutwa na kutobolewa tundu dogo la mviringo, ili ncha kali isiendelee kusafiri. Ufa huchimbwa kwa grinda kuwa mfereji wenye umbo la herufi V, hujazwa kwa mchomeleo hadi ndani, kisha husawazishwa. Chuma kilicholiwa na kutu hukatwa chote hadi kufikia chuma kizima, na kipande kipya chenye unene sawa na wa awali huungwa kingo kwa kingo. Bamba la kuimarisha huja baada ya hapo.

5.4 Bamba la kuimarisha

Unene wa bamba usizidi unene wa mhimili wenyewe. Ncha zake zisikatwe wima. Zikatwe kwa mshazari au zichongwe mfano wa mdomo wa samaki uliofunguka, ili ugumu uongezeke polepole badala ya kuanza ghafla. Kona zote ziviringwe. Ncha ya bamba isiangukie juu ya bano la springi wala mahali mhimili wa kukingama unapoungana, na mabamba ya ndani na nje yasiishie mahali pamoja.

Michomeleo ifuate urefu wa mhimili. Mchomeleo unaokatiza mbawa ya juu au ya chini ni kama mkato wa kisu upande unaovutwa. Vivyo hivyo, matundu ya bolti yatobolewe katikati ya kimo cha mhimili, mahali nguvu za kupinda ni ndogo, na si kwenye mbawa. Ribiti zilizolegea hubadilishwa kwa bolti zenye daraja la 8.8 zinazokaa sawasawa katika matundu yake, na si kuchomelewa, ili maungio yabaki na tabia yake ya awali.

Mchomeleo hufanywa kwa vipande vifupi vinavyopishana kushoto na kulia, na chuma huachwa kipoe chenyewe. Maji yasimwagwe ili kuharakisha kazi.

5.5 Uteuzi wa vijiti na chuma

Vijiti vya E6013 hutosha kwa mabamba membamba ya chuma laini. E7018, vyenye hidrojeni kidogo, hutoa mchomeleo wenye nguvu na ustahimilivu zaidi, lakini hupoteza faida hiyo vikinyonya unyevu. Huhifadhiwa katika chombo kikavu chenye joto la zaidi ya nyuzi 100 za Selsiasi. Katika misimu ya mvua, pakiti iliyofunguliwa na kuachwa juu ya meza usiku kucha haipaswi kutumika kwenye chesisi bila kukaushwa upya. Umeme unaopungua nguvu katikati ya kazi nao hutengeneza mchomeleo unaong'aa juu lakini haukuingia ndani.

5.6 Kinga

Matundu ya kutolea maji hayazibwi. Kisanduku kipya kinahitaji matundu yake mwenyewe katika sehemu ya chini kabisa. Nje hupakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya mwisho, na ndani hupuliziwa nta au mafuta mazito baada ya kazi ya moto kukamilika.

6.0 Makosa Yanayotokana na Uhaba

Mahali vipuri na mabamba mapya vinapokuwa mbali au ghali, fundi huvutiwa kutumia kilichopo. Vitu viwili vinastahili tahadhari. Cha kwanza ni pande la springi kuukuu. Huonekana kuwa chuma bora kwa sababu ni kigumu, lakini kina kaboni nyingi, takribani asilimia 0.6. Kikichomelewa na kupoa haraka, ukanda ulio pembeni mwa mchomeleo huwa mkavu na kuvunjika kama kioo. Ugumu unaofaa kwa springi haufai kwa kiraka. Cha pili ni nondo za ujenzi, ambazo umbo lake la duara na mikunjo yake haziruhusu kushikamana na mhimili kwa uso mpana, na ambazo kemia yake hubadilika kutoka kiwanda kimoja hadi kingine.

Kosa la tatu ni la uamuzi, si la vifaa. Baada ya kuimarisha chesisi, mmiliki huongeza mapande ya springi na kuongeza mzigo. Breki, ekseli, matairi na usukani hubaki vilevile. Katika mteremko mrefu wa changarawe, kikomo cha gari si kile chesisi inachoweza kubeba, bali kile breki zinachoweza kusimamisha. Uimarishaji unapaswa kueleweka kuwa ni kurudisha uwezo wa awali, si kuuongeza.

7.0 Chesisi na Utambulisho wa Gari

Chesisi ni waraka pia. Namba yake huandikwa katika kadi ya usajili inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, na ndiyo inayothibitisha kwamba gari lililopo ndilo lililosajiliwa. Katika Land Rover na Toyota za zamani namba hiyo hugongwa kwenye mhimili wa kulia, upande wa mbele, mahali ambapo pia hupata matope na kutu. Fundi anayesugua kwa grinda bila kutazama anaweza kulifuta gari kisheria katika muda wa dakika moja. Kwa hiyo, kabla ya kazi yoyote, namba itafutwe, isafishwe kwa brashi laini, ilinganishwe na kadi na ipigwe picha. Ikiwa sehemu hiyo yenyewe imeoza, au ikiwa chesisi nzima inapaswa kubadilishwa, mamlaka husika zihusishwe kabla chuma hakijakatwa. Kugonga namba upya kwa siri, hata kwa nia njema, hakutofautiani kwa macho na kazi ya mwizi.

8.0 Hitimisho

Uchambuzi huu umeonesha kwamba uimara wa chesisi hautokani na wingi wa chuma, bali na mwendelezo wa nguvu kutoka sehemu moja hadi nyingine bila kikwazo cha ghafla. Kanuni tatu zinajitokeza. Kwanza, chanzo cha uharibifu kitambuliwe kabla ya tiba. Pili, kila nyongeza ya ugumu ipimwe kwa kuuliza msokoto utakwenda wapi. Tatu, gari lililoimarishwa lirudishwe kwenye mzigo wake wa awali.

Ipo pia hali ambayo uamuzi sahihi ni kutoimarisha. Iwapo kutu imekula mihimili mirefu katika sehemu nyingi kiasi kwamba hakuna chuma kizima cha kuungia, viraka havitakuwa na mahali pa kushika, na fundi mwadilifu atamweleza mmiliki hivyo kabla ya kupokea malipo ya awali. Mafunzo ya uchomeleaji yanayotolewa chini ya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, yanaweza kunufaika kwa kuingiza somo fupi la tabia ya chesisi, kwa sababu kuunganisha vyuma viwili na kujua kama vinapaswa kuunganishwa ni stadi mbili tofauti. Watu wanaoketi juu ya magunia katika safari ya kutoka Nkwenda kwenda Kayanga hutegemea stadi hiyo ya pili pasipo kujua.